Pemba Ipi?

Maneno ya mwalimu mstaafu wa shule za msingi kwenye chakula cha jioni cha kuchangia maendeleo ya nyumbani, Temeke, Dar es Salaam. Yamechapwa kwa ombi la wanachama waliokuwapo.

Mtwara kuchele!

Nashukuru. Naona Dar es Salaam haijawasahaulisha kuitikia. Nimepewa dakika ishirini, na Katibu ameninong'oneza kwamba wali uko tayari, kwa hiyo salamu nyingine tutapeana mezani.

Kwenye ajenda ya mwaka huu kuna pendekezo la kununua kompyuta kumi kwa ajili ya shule za pwani na bonde la Ruvuma. Sina ugomvi na kompyuta. Ninachoomba ni kwamba sehemu ya fedha hizo, tena sehemu ndogo, iende kwenye jambo ambalo halitaonekana kwenye picha ya kukabidhi msaada. Nataka tuwafundishe watoto wa darasa la tatu hadi la sita namna ya kupokea habari: kujua nani kaisema, kaijuaje, anataka nini, na kama ni ya leo au ya mwaka juzi. Wataalamu wanaita uelewa wa habari na vyombo vya habari, na UNESCO ilitoa mtaala wake kwa walimu mwaka 2011. Watoto wangu darasani walilipa jina lao wenyewe, nitafika huko.

Kuna bibi mmoja wa upande wa bonde, mwenye mikorosho yake, si mingi. Mwezi wa sita, watu wanajiandaa kupulizia, ukaingia ujumbe kwenye simu yake ya kitochi. Ulisema amepangiwa mifuko mitano ya salfa ya ruzuku, atume shilingi 15,000 za usajili kwenye namba fulani kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Bibi hajui kusoma. Akamwita mjukuu wake wa darasa la tano, mwanafunzi wangu. Mtoto akasoma. Nawaambieni alisoma vizuri, hakukwama hata kwenye neno moja, na alipoambiwa arudie akarudia. Bibi akafungua fundo la khanga, akamtuma mtoto huyo huyo kwa wakala. Fedha ikaenda, salfa haikuja, na namba ile haikupatikana tena.

Yule mtoto kwenye vitabu vyangu alikuwa anajua kusoma. Kila kipimo tulichokuwa nacho alikifaulu. Hakuna mtihani hata mmoja uliowahi kumuuliza: huu ujumbe umetoka kwa nani, na kwa nini una haraka?

Nawaomba kila mmoja aifikirie nyumba ya kwao kijijini. Nani anasoma ujumbe wa chama cha msingi kuhusu malipo ya korosho? Nani anasoma kadi ya kliniki, tangazo lililobandikwa ofisi ya kijiji, stakabadhi ya ghalani? Baba yuko baharini au amevuka mto. Mama yuko shamba. Kaka mkubwa yuko hapa Mbagala. Anayesoma ni mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Yeye ndiye karani wa nyumba. Na karani tunampa kazi ya kusomea watu wazima habari za fedha, za ugonjwa na za usalama, halafu tunashangaa nyumba nzima inapotapeliwa.

Wengi wenu humu ndani mlikuwa makarani wa aina hiyo. Mlimsomea bibi barua ya mjomba. Lakini barua ile ilikuwa na mwandiko wa mjomba, na mwandiko mliujua. Ililetwa na kondakta wa basi ambaye mlijua kwao ni wapi. Ikija na jambo la ajabu, mlimuuliza kondakta: ulimkuta mwenyewe? Ujumbe wa simu hauna mwandiko. Na sasa hata sauti ya mjomba inaweza kutengenezwa kwa akili unde, akasikika anaomba nauli ya hospitali wakati yeye amelala kwake Tandika. Yale maswali ya kondakta tuliyarithi bila kufundishwa. Watoto wa leo inabidi wafundishwe.

Sasa nije kwenye jina.

Aprili 2019 mnaikumbuka, hata mliokuwa huku mlipiga simu nyumbani usiku kucha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga Kenneth kinakuja upande wetu. Shule zikafungwa, watu wa kando ya bahari wakaambiwa wahamie sehemu salama. Kimbunga kikapiga Komoro kwanza, kisha jioni ya Alhamisi tarehe 25 kikaingia nchi kavu Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado, kama kilomita 200 kusini mwetu. Huko kiliua zaidi ya watu 40 na kufagia vijiji. Sisi tukapona.

Shule zilipofunguliwa watoto walikuja na habari mikononi kama wanavyokuja na mabibo wakati wa msimu, kila mmoja na lake. Mmoja alisema Pemba imeharibika yote na watu wanalala nje. Mwingine akasema hakuna kitu, Mamlaka imedanganya watu wakahama bure. Wa tatu akasema babu yake amemwambia wazee walikaa usiku mzima wakakigeuza. Darasa likawa soko la samaki. Halafu msichana mmoja wa darasa la nne, ambaye kwa kawaida hafungui mdomo hadi umwite mara mbili, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, Pemba ipi?"

Mama yake mdogo ameolewa Pemba. Pemba ya Msumbiji, ule mji mkuu wa Cabo Delgado. Nusu ya darasa walikuwa wanafikiria Pemba ya Zanzibar, yenye karafuu, na kuna mtoto alikuwa ameshalia kwa sababu kaka yake anavua huko Wete. Neno moja la redioni, sehemu mbili za dunia, moja kaskazini mwetu na nyingine kusini, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amewaambia.

Tukatoa ramani. Tukachukua uzi tukapima kutoka Mtwara hadi kilipopiga, tukapima hadi kisiwa cha Pemba. Baada ya hapo swali lile likawa msemo wa shule. Mtoto akija na habari yoyote, ya mpira, ya mzuka chooni, wenzake wanamwuliza: Pemba ipi? Maana yake, hebu fafanua, wapi, lini, nani. Somo likapata jina, na jina hilo ni zuri kuliko la UNESCO.

Na yule aliyesema Mamlaka imedanganya hatukumwacha hivi hivi, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Nilimwambia aandike ubaoni sentensi aliyoisikia redioni. Akaandika kwamba kimbunga "kinatarajiwa" kupiga pwani ya kusini. Nikauliza darasa: kinatarajiwa na kimepiga, ni kitu kimoja? Pale pale tukawa na kipindi cha Kiswahili ambacho sikukiandaa. Lugha yetu, ndugu zangu, imeumbwa vizuri kwa kazi hii. Ina -li-, ina -me-, ina -ta-. Ina "nimeona" na "nimesikia", na mvuvi wa Msanga Mkuu anazitofautisha kila siku: ukimwambia vibua wako upande wa Ruvula, kabla hajapandisha tanga atakuuliza, umewaona au umeambiwa? Halafu ina lile neno baya kuliko yote, "inasemekana". Inasemekana na nani? Neno hilo halina mwenyewe, limekuja mjini peke yake bila ndugu. Niliwapa watoto magazeti ya zamani niliyokuwa nayo nyumbani na kalamu nyekundu, wakaanza kuwinda "inasemekana", "inadaiwa" na "imeelezwa". Walizungushia duara nyingi mno. Mwandishi wa habari angeliona zoezi lile asingelifurahia.

Lakini jambo lenyewe si mchezo. Mtu akishaamini kwamba Mamlaka ilidanganya mwaka 2019, mara nyingine hatahama. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja tena pwani hii, kikagusa Mafia. Na wenye wazee wa kwao Lindi na Mikindani mliwahi kusimuliwa kile cha Aprili 1952. Bahari yetu si kwamba haina vimbunga, ni kwamba vinachelewa kurudi, hadi anayekumbuka anakuwa amezikwa. Mtoto anayejua maana ya "kinatarajiwa" ndiye atakayemwambia bibi: tuhame leo, kikipita salama tutarudi kesho.

Naomba niseme kidogo kuhusu Kitaya, kwa heshima, maana najua humu kuna waliofiwa. Tarehe 14 Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma wakavamia kijiji. Hilo lilitokea, Jeshi la Polisi lilithibitisha, na sitalisimulia hapa. Ninachotaka kusema ni kilichofuata kwenye simu. Kwa wiki kadhaa kila kijiji cha kando ya mto kilikuwa kinavamiwa kwenye simu, hata vile ambavyo watu wake walikuwa wamekaa barazani wanacheza bao. Na Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, hali ikawa vile vile. Ndugu zetu wa damu wako Palma na Mocímboa da Praia, kwa hiyo kila video iliyokuja tuliitazama tukitafuta uso tunaoujua.

Nilionyeshwa video moja iliyoandikwa juu yake kwamba ni Kitaya. Watoto walikuwa wameshaiona majumbani kabla yangu, hilo ndilo jambo la kutisha la kwanza. Sikuwaonyesha tena. Niliwauliza tu wanieleze walichokiona pembeni, siyo katikati. Mmoja akasema wale watu walivaa makoti mazito. Makoti, Kitaya, mwezi wa kumi! Mwingine akasema hakuona mkorosho wala mnazi, na milima ya nyuma haina miti. Wa tatu akasema lugha yao siyo Kimakonde, siyo Kimakua, siyo Kireno. Hawa ni watoto ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Walichokuwa nacho ni kukijua kwao vizuri, na mtu mmoja wa kuwauliza swali.

Sikuwafundisha kuwa polisi. Niliwafundisha mambo mawili: picha ya maiti haitumwi kwa mtu yeyote, awe wetu au asiwe wetu, na habari ya hatari hupelekwa kwa mtu mzima anayeweza kwenda kwa mtendaji wa kijiji, haipelekwi kwenye kikundi cha WhatsApp. Na wazazi mjue kwamba hili lina sheria. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamtaka anayechapisha uongo kwa makusudi kulipa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Mtoto anabonyeza, lakini laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama.

Sasa kuna wazee watakaosema, mwalimu, unataka kuwafundisha watoto wetu waamini kila kinachosemwa na Serikali. Hapana, wazee wangu. Habari za mwaka 2013 tunazikumbuka wote, tukae tuzungumze kama watu wa nyumba moja. Tangu maandamano ya tarehe 27 Desemba 2012 juu ya bomba la gesi, hadi vurugu za Mei 2013 baada ya bajeti ya nishati kusomwa bungeni, Mtwara ilikula habari za vipeperushi na za simu. Watu walikaa nyumbani siku ile kusikiliza redio na televisheni kwa sababu walikuwa na swali la haki kabisa: gesi ya Msimbati ikienda Dar es Salaam, sisi tunabaki na nini? Swali hilo lilikaa muda mrefu bila jibu linaloeleweka kijijini. Uvumi ni kama maji ya bamvua, unaingia palipo wazi. Kwa maoni yangu wenye kosa kubwa siku zile hawakuwa waliovumisha peke yao, ni pamoja na walionyamaza wakati walikuwa na takwimu mezani. Watu walikufa, nyumba ziliungua, na ni za kwetu.

Kwa hiyo mtoto anayejifunza kuuliza "Pemba ipi" amuulize mwenye kipeperushi, na amuulize pia mwenye kipaza sauti. Aulize bei iliyotangazwa mnadani ni ghafi au imeshakatwa makato. Mwaka 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za mnada, Novemba Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kubeba. Katika kungoja malipo kule, ni habari ngapi za uongo zilipita mkoani, na ni wakulima wangapi waliuza kwa kangomba kwa sababu mtu alimwambia mtu kwamba fedha haziji? Anayenunua kangomba hahitaji bunduki. Uvumi unamtosha.

Nije kwenye adabu, maana hapa ndipo nilipoulizwa sana na wazazi. Kwetu mjomba akisema, amesema. Mtoto anayemwuliza mjomba "umejuaje?" anatafuta kofi, na mimi mwenyewe nisingelimtetea. Tukalifanyia kazi. Tulitunga maneno ya kuulizia na tukayaigiza darasani, mmoja babu mwenye fimbo, mwingine mjukuu: "Shikamoo babu. Habari hii nzuri, nimweleze mwalimu kesho. Nimwambie umeipata kwa nani?" Babu hapo anajibu kwa furaha, na akijibu, mara nyingi anagundua mwenyewe kwamba hajui. Anasema, ah, ni huyu kijana wa bodaboda. Kisha ananyamaza kidogo. Ule ukimya ndio somo, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Tulikuwa na mdahalo pia juu ya methali "Lisemwalo lipo, kama halipo laja". Methali hii mimi siipendi, nawaambia wazi, imewapa wavumi leseni ya miaka mingi. Upande mmoja wa darasa waliitetea vizuri sana: walisema mumiani walisemwa wakati wa bibi na bibi zao, na kweli kuna watu waliokuwa wakichukua watu utumwani. Upande wa pili wakasema, basi mwaka huu kimesemwa mara tatu kwamba shule inapata dawati jipya kila mtoto, mbona halijaja? Walishinda wa upande wa pili. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama dirishani.

Je, mambo haya yanafundishika, au ni hadithi za mwalimu mzee anayependa darasa lake? Nendeni Uganda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao waliingia shule za msingi 120 za eneo la kati la nchi hiyo, watoto zaidi ya 10,000 wa umri wa miaka 10 hadi 12. Nusu ya shule zilifundishwa kupima madai ya tiba: mtu akikwambia dawa hii inaponya, umuulize nini. Kitabu chao kilikuwa cha katuni, na mmoja wa mifano yake ni imani ya kupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye jeraha la moto. Vipindi vilikuwa tisa katika muhula mmoja, na walimu ni wale wale wa shule, waliopewa semina fupi na kitabu cha mwongozo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la The Lancet. Katika shule zilizofundishwa, watoto 69 katika kila 100 walifaulu mtihani wa kupima madai. Katika shule ambazo hazikufundishwa walifaulu 27. Walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, waliofundishwa walikuwa 80 katika 100, na wenzao kama 52.

Nawaomba muitazame hiyo 27 kwa makini. Wale hawakuwa watoto wajinga. Ni watoto wa nchi ile ile, waliokosa vipindi tisa. Na hapakuwa na maabara ya kompyuta. Palikuwa na kitabu na mwalimu.

Wenye mvi humu ndani hamhitaji kwenda hata Uganda. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 12, watu kama milioni mbili nchi nzima, wanasikiliza kipindi redioni, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, halafu wanajadili na kukubaliana watafanya nini: kuchimba choo, kufukia madimbwi. Hapo kwenye kujadili ndipo palipokuwa na elimu. Redio peke yake ingezungumza na upepo.

Basi ninachokiomba ni hiki. Tuanze na shule nne, moja moja katika kata za Msimbati, Msanga Mkuu, Mahurunga na Kitaya, yaani mbili za bahari na mbili za mto. Kila shule itoe walimu wawili, wapate semina ya siku mbili mjini Mtwara. Kijitabu chetu kiwe chembamba, cha Kiswahili, chenye mifano ya kwetu: salfa, mnada, kimbunga, dawa ya mitishamba inayouzwa stendi, picha yenye makoti. Kitabu kikitaka kutumika kama kitabu cha darasani kinahitaji ithibati, na hiyo ni safari ndefu. Kwa hiyo tuanze kama klabu ya wanafunzi baada ya vipindi, kwa kibali cha halmashauri, na mada zake zikae karibu na masomo ya mtaala ulioanza Januari 2024, hasa Kiswahili, na Jiografia na Mazingira. Mwalimu anayefundisha ramani hatapoteza chochote akiuliza Pemba ipi.

Simu hazihitajiki. Wanafunzi hawaruhusiwi kwenda nazo shuleni na mimi naunga mkono. Ujumbe wa utapeli tutauchapa kwenye karatasi, mkubwa, ubandikwe ukutani, watoto wautafute ulipojificha uongo: haraka, siri, namba ya mtu binafsi, zawadi usiyoiomba. Pembeni yake tubandike namba 15040, ambayo mtu anatuma kuripoti namba ya tapeli, na *106# ya kuangalia laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mtoto akafanye nyumbani na bibi yake. Mnaoishi huku pia fanyeni, leo, kabla ya kulala. Mtashangaa.

Naomba pia magazeti. Mnayoyafungia vitafunwa, msiyafungie. Yakusanyeni, mabasi ya kusini yanaondoka kila siku. Gazeti la mwaka jana ni zuri kuliko la leo kwa kazi yetu, kwa sababu mtoto anaweza kuangalia kama lililosemwa lilitokea. Na ningependa watoto wa shule hizo wapelekwe kuitembelea redio, Jamii FM pale Naliendele kwa mfano, waone kwamba habari hutengenezwa na watu wenye meza na chai, wanaoweza kukosea, na wanaoweza kupigiwa simu wakasahihisha.

Kuhusu kompyuta: zikinunuliwa saba badala ya kumi, tatu zilizobaki zinatosha kuendesha haya kwa mwaka mzima katika shule zote nne. Hesabu ameipitia Mweka Hazina, karatasi ziko mezani kwake, zikagueni kama ninavyotaka watoto wakague.

Na kwa wasiotaka kugusa fungu la kompyuta, kuna njia ya pili. Kila mwanachama atoe thamani ya kilo tano za korosho, kwa bei ya mnada wa kwanza wa msimu huu, bei itakayotangazwa, siyo itakayosemekana. Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na kila fomu ina sehemu ya kuandika jina la shule unayotaka mchango wako uende. Ukiiacha wazi tutagawa sawa kwa sawa. Mweka Hazina amekaa mlangoni, upande ule wenye masufuria, na ana risiti.

Karibuni mezani.